Harufu ya Kabichi Nyumbani kwa Albina

Albina Zalar alikuwa mtu wa kukuambia "mimi mzima" hata ukimkuta amelala chini ya ngazi. Sitii chumvi, ndivyo nilivyomkuta mwaka jana theluji ilipoanza kuyeyuka, kifundo cha mguu kimevimba kama boga, ananiambia amekaa tu kupumzika. Tumeishi uchochoro mmoja miaka mingi, mlango wake wa nyuma unatazamana na mlango wangu wa nyuma, na bado ukitaka kumsaidia mwanamke yule ilibidi umvizie.

Mimi ni Verna Lahti. Niliendesha greda la kusukuma theluji la mji huu mpaka magoti yakanikataa. Maneno matamu sina, na Albina alikuwa akinitania kwamba sisi Wafini tunazungumza mara mbili tu, siku ya harusi na siku nyumba ikiungua. Yeye na watu wake Waslovenia, alisema, ndio waliouletea mji huu wa migodi muziki na chakula cha maana. Kwenye chakula sikumbishia.

Nyumba yake ilikuwa na historia ndefu kuliko yake mwenyewe. Babu yake aliijenga mahali ambapo sasa ni shimo la mgodi wa chuma. Mgodi ulipotaka ardhi, waliinyanyua nyumba nzima, wakaiweka juu ya magogo na magurudumu na kuivuta hadi hapa ilipo. Bibi yake aligoma kutoka jikoni, akapika supu njia nzima huku nyumba ikitembea. Albina, aliyekuwa mtoto mdogo, alikaa mezani akitazama mji ukipita dirishani. Ndani ya nyumba hiyo aliolewa na Ludvik, ndani yake akamzaa Bernadine, na ndani yake Ludvik akafa kwa vumbi la mgodi kifuani. Kumwambia mtu kama huyo ahame ni sawa na kumwambia avue ngozi.

Lakini Bernadine alishamwambia. Baada ya ule mguu alikuja kutoka Duluth, mji anakoishi, akakaa jikoni kwa mama yake, mimi nikiwepo, akasema bila kupandisha sauti: "Mama, kikiharibika kitu kimoja tu tena kwenye nyumba hii, nakuhamisha. Sitaki kupigiwa simu na polisi." Albina akaitikia, akamkatia binti yake kipande kingine cha mkate wa jozi.

Kwa hiyo tanuru lake la gesi, lile la kupasha nyumba joto, lilipoanza kuugua, hakumwambia mtu.

Huku kwetu baridi ikishika, kila mtu hutazama bomba la moshi la jirani kabla hajanywa kahawa. Mvuke mweupe ukitoka ukakatika, ukatoka tena ukakatika, unajua jirani yu hai na tanuru lake linawaka na kuzimika inavyotakiwa. Usipoona kitu, unavaa buti. Mwanzoni mwa Novemba nilitazama bomba la Albina, sikuona kitu, nikavaa buti.

Nilimkuta kule chini, kwenye chumba kilicho chini ya nyumba, ameshika mchi wa kushindilia kabichi. Kabla hajaniona aliinama mbele ya tanuru akagonga kidude cha chuma kilichopo kwenye bomba la gesi, ko, ko, mara ya tatu moto ukashika. Akajipangusa mikono kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo.

"Ludvik ndiye alinifundisha," akasema. "Linahitaji kukumbushwa tu."

Nilijua kidude kile. Ni vali, ukubwa wake kama ngumi, na kazi yake ni mbili tu: kuifungulia gesi ukihitaji joto na kuifunga ukishapata. Yangu ilibadilishwa miaka michache iliyopita, na Duane, fundi wetu wa matanuru, alinieleza wakati akiifungua. Nikamweleza Albina hivyohivyo. Nikamwambia kwamba vali ikianza kugongwa ili ifunguke, imekwama ndani, na inayokwama kufunguka kesho itakwama kufunga. Siku hiyo hakuna atakayeigonga, maana gesi itakuwa inamwagika tu.

Albina akanitazama kwa huruma, kana kwamba mgonjwa ni mimi. Akasema atampigia Duane wiki hiyohiyo. Halafu akaniuliza kama naona kabichi inavyochacha vizuri.

Ilikuwa inachacha kweli, maana Waslovenia huikatakata, huitia chumvi na kuila ikishachachuka. Mtungi wake wa udongo, mkubwa wa kumficha mtoto, ulikaa palepale karibu na tanuru kama kila mwaka, umefunikwa kitambaa na sahani na jiwe. Tangu Oktoba chumba kile kilinuka kabichi iliyovunda, harufu ya kukuchoma macho. Hakuna aliyeishangaa. Nyumba ya Mslovenia isiyonuka kabichi mwezi wa kumi na moja, watu huuliza nani kafariki. Na kila anayetumia gesi anajua kwamba gesi yenyewe haina harufu, kwamba kampuni huitia harufu mbaya makusudi ili pua ikuamshe. Harufu hiyo, aliyewahi kuinusa ataniunga mkono, ni ya kabichi iliyooza.

Sikuliwaza hilo siku ile. Nilipanda ngazi nikiwa na hasira za kawaida tu za jirani.

Desemba ilikuja na baridi ya nyuzi thelathini chini ya sifuri, ile inayopasua miti. Niliamka nikatazama bomba la Albina, na safari hii mvuke ulikuwa ukitoka bila kukatika. Nikanywa kahawa, nikaosha kikombe, nikatazama tena. Bado. Nikavuka uchochoro nikamkuta jikoni na blauzi ya mikono mifupi, madirisha mawili wazi, barafu imeingia mpaka kwenye sinki. Swichi ya joto ukutani ilikuwa imezimwa kabisa na tanuru bado lilikuwa likinguruma chini kama halijasikia.

Alicheka, akaniambia nivue koti haraka maana humu ni Florida, kwenye jua. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kama Duane amekuja, akasema amekuja, ametazama, amesema ni uzee tu wa mashine, ataleta kipuri baada ya Krismasi. Alisema akinitazama machoni. Nikamwamini, kwa nini nisimwamini.

Siku chache baadaye nikiwa kwake tunakunja unga wa potica, ule mkate wake wa jozi, tulisikia kishindo chini, buum, kizito, vikombe vikagongana kabatini. Mimi niliuachia unga. Albina aliendelea kupaka siagi. Alisema ni theluji imeanguka kutoka kwenye paa. Nilipoteremka kutafuta jozi niliona mlango wa bati wa tanuru umeungua na kupinda pembeni, na ukutani juu yake masizi meusi yamechora ulimi. Maana yake gesi ilikuwa ikiingia na kukusanyika kabla moto haujashika, kisha inashika yote kwa mpigo. Nilirudi jikoni nikamwambia. Akasema Duane alishaliona hilo doa.

Na ile harufu ilikuwa bado ipo. Nikamwambia sikumbuki kabichi yake kunuka hivi mpaka Krismasi. Akanijibu kwamba mwaka huu ameujaza mtungi mara ya pili, maana kabichi ya kwanza ilikwenda yote kwenye karamu ya parokia, padri alisifu mpaka ikawa aibu. Akashika kichwa, akasema kinamgonga kidogo siku hizi, ni macho, anahitaji miwani mipya.

Ilikuwa Januari, siku ya Ijumaa, nilipokutana na Duane kwenye foleni ya duka la vyakula. Nilimsalimia, nikamwuliza kipuri cha Albina kimefika. Akaniuliza kipuri gani. Nikamwambia cha tanuru. Akakuna shingo, akasema kwa upole wake ule kwamba hajaingia nyumba ya Albina tangu siku ya mazishi ya Ludvik.

Niliacha vitu vyangu kwenye foleni. Sikumbuki nilivyoendesha gari. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata na marehemu mume wangu, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana nilikumbuka kesho yake ni Jumamosi. Jumamosi ilikuwa misa ya kumbukumbu ya Ludvik. Bernadine alikuwa anakuja, na Bernadine akija hulala kitanda chake cha usichana, kule chini, ukuta mmoja na tanuru.

Albina alinifungulia amevaa aproni. Harufu ilinipiga mlangoni, si chini tena, mlangoni. Nikamwuliza ni nini hiki. Akasema, kwa uchovu, kabichi. Nikampita. Nikashuka ngazi gizani nikipapasa ukuta, na nilipomsikia nyuma yangu anatafuta swichi ya taa nilirudi nikamshika mkono.

"Usiwashe kitu."

"Verna, utaanguka."

"Usiwashe, nimesema."

Mwanga wa theluji uliingia kidogo kwenye kidirisha cha juu. Niliufikia mtungi. Nilitoa jiwe, nikatoa sahani, nikatoa kitambaa, nikaingiza mkono mpaka begani. Ulikuwa mkavu. Ulikuwa umeoshwa na kukaushwa, na chini kabisa ametandika taulo safi, kama wanavyofanya wakiuweka mpaka Oktoba nyingine. Hapakuwa na jani la kabichi kwenye nyumba ile tangu karamu ya parokia.

Nilibaki nimeinama na mkono ndani ya mtungi. Nyuma yangu tanuru lilikuwa kimya, na ndani ya kimya hicho nilisikia kitu kikipuliza taratibu, kama mtu anayepoza chai.

Nilimtoa. Nilimfunika koti la Ludvik lililokuwa mlangoni, akatoka na ndala miguuni, tukavuka uchochoro kwenye baridi ile, mimi nikimvuta na yeye akisema nimwache azime oveni kwanza. Oveni yake ni ya umeme na ilikuwa haijawashwa. Nilimkalisha jikoni kwangu, nikapiga simu ya dharura ya gesi, nikasema jina la mtaa, nikasema nyumba ni tupu, waje.

Halafu nikamgeukia.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Alikuwa akitazama ndala zake zinavyochuruzika maji sakafuni. Akasema alijua siku aliyouosha mtungi. Aliosha, akakausha, akapanda juu kupumzika, na aliposhuka tena harufu ilikuwa palepale. Alikaa kwenye ngazi akaifikiria. Akaona akimwita Duane, Duane atamwambia mkewe, mkewe anaimba kwaya na binamu ya Bernadine. Kwa hiyo akarudisha kitambaa, akarudisha sahani, akarudisha jiwe. Tangu hapo, alisema, kila anayeingia hunusa, hutabasamu na kumwuliza kabichi inaendeleaje.

Nilimwambia angeweza kufa. Nilimwambia angeweza kuua uchochoro mzima, mimi nikiwemo. Aliitikia kila neno kwa kichwa, kama mtoto anayesubiri mwalimu amalize. Kisha akaniomba simu.

Nilimpa. Nilidhani, mjinga mimi, kwamba amekata shauri. Alibonyeza namba bila kutazama.

"Bernadine, mwanangu, usije kesho," akasema, na sauti yake ilikuwa nyepesi kabisa. "Nina mafua mabaya, nisije nikakuambukiza. Baba yako ataelewa. Tutamsomea misa nyingine."

Nje gari la gesi lilikuwa limeshafika. Kupitia dirishani niliona wanaume wawili wakikimbia kwenda ubavuni mwa nyumba yake, mahali pa kufungia gesi. Albina naye aliwaona. Alinitazama juu ya ile simu, na sijawahi kuombwa kitu namna ile na kiumbe chochote. Nilielewa anachoomba. Gesi ilikuwa inafungwa sasa hivi, Duane angeweka vali mpya, Bernadine asingejua, na yeye angebaki kwake. Nilikuwa na uwezo wa kumpa hilo. Ilitosha tu ninyamaze, jambo ambalo kwa maneno yake mwenyewe ndilo sisi Wafini tunaliweza.

Bernadine si mjinga. Nilisikia sauti yake ndogo ikitoka kwenye simu, ikiuliza anapiga kutoka wapi, maana namba si ya nyumbani. Halafu ikasema apewe Verna.

Albina hakunipa simu. Aliiweka mezani, katikati yetu, akaiacha hapo.

Niliichukua. Bernadine akaniuliza kama ni mafua kweli. Nikamjibu hapana. Nikamweleza yote, vali, masizi, mvuke usiokatika, mtungi mtupu, na nilipokuwa nikieleza Albina alivua koti la Ludvik taratibu, akalikunja mapajani, akaweka mikono juu yake.

"Ungeninyamazia tu," akaniambia nilipokata simu. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo lililoniuma.

Watu wa gesi walifunga, wakafungua milango na madirisha, wakabandika kibandiko chekundu kwenye tanuru. Duane akaja mchana huohuo na kiboksi kidogo chini ya kwapa. Alinionyesha vali ya zamani: mwili umepasuka ufa mwembamba kama unywele pale ulipokuwa unagongwa, na ndani kile kifuniko cha kufunga gesi kimegota nusu wazi. Alisema cheche moja saa ile ingetosha. Kisha akaweka mpya, na muda wote aliotumia hata kahawa niliyomwekea haikupoa. Tanuru likawaka polepole, moto wa buluu, bila kishindo. Ni kazi ndogo kabisa, aliniambia, anafanya nyingi tu kila msimu, wala hakuna haja ya kumtangazia mtu.

Bernadine alifika kabla jua halijazama, amekuja mbio mpaka koti amelifunga vifungo kombo. Tulimwongoza mama yake kurudi nyumbani kwake. Nilifikiri atafoka. Aliteremka kule chini peke yake, akakaa, akapanda. Uso ulikuwa mweupe. Alivuta kiti akakaa karibu na mama yake, magoti yakagusana.

"Vali si kitu, Mama," akasema. "Vali ningekununulia mwenyewe. Nataka kuuliza jambo moja tu. Kesho ungeniacha nilale kule chini?"

"Hata," Albina akasema upesi, ameshtuka kweli. "Mungu wangu, hata. Nilishakutandikia sebuleni, karibu na dirisha. Nenda uone."

Bernadine aligeuka. Mlango wa sebule ulikuwa wazi. Kochi lilikuwa limetandikwa shuka la maua, mito miwili, blanketi nzito, na dirisha la hapo limeachwa wazi kidogo, limewekewa kipande cha kuni lisijifunge. Nilikuwa nimelipita asubuhi ile nisilione.

"Na wewe?" Bernadine akauliza. "Wewe ungelala wapi?"

Chumba cha Albina kiko juu ya tanuru barabara. Joto lake hupanda kupitia tundu la sakafuni kando ya kitanda.

Albina alimtazama binti yake kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Kwangu," akasema. "Mimi ningelala kwangu."

Bernadine alilia basi, kifudifudi mapajani mwa mama yake, na Albina akawa anampapasa nywele na kumwambia nyamaza, mbona mimi mzima. Mimi niliosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Waliondoka kwenda Duluth Jumapili baada ya misa, na masanduku mawili na ile picha ya harusi. Albina hakuniaga, alinipa tu ufunguo. Kila asubuhi navuka uchochoro kuangalia mabomba ya maji yasigande. Tanuru linawaka, linazimika, linawaka. Nyumba ina joto zuri, joto la kukaa na blauzi, na hainuki kitu chochote.